Sungura au Sanduku

Jumamosi, 4 Aprili

Leo natimiza mwaka wa thelathini na tatu tangu nitoke kwetu. Sikusherehekea. Nilianika suti.

Ndiyo desturi yangu. Kila mwaka, tarehe hii, navuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda, natoa dawa ya nondo, naanika vilivyomo, narudisha, nafunga. Mwenye safari halali na sanduku wazi. Suti ya rangi ya majivu ni ya kuvaa siku ya kufika. Kiuno chake kiliacha kunifahamu zamani. Chini yake koti la sufu. Picha ya marehemu mke wangu, akimkodolea mpiga picha macho kana kwamba kamkanyaga. Na ufunguo wa nyumba yetu. Nyumba yenyewe haipo tena, barabara imepita sebuleni. Nimeambiwa ni barabara nzuri.

Nikamwambia binti yangu, aliyekuja na chakula, kwamba mwakani narudi, Inshallah. Akaendelea kumenya viazi.

Mvua ikanyesha, suti ikalowa. Nimelazimika kuirudisha ikiwa mbichi na kuacha sanduku wazi kando ya kitanda hadi jua lirudi. Najiona kama mtu asiyefunga mlango.

Lakini mvua si kitu. Msiba ni bembea! Shule zimefungwa, binti yangu yuko kazini kutwa, na mjukuu wangu, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Chiriku, lazima ashinde kwa babu mmoja kati ya wawili. Likizo zote amekuwa akishinda kwangu. Sasa Mkwe, yaani baba wa mume wa binti yangu, amefunga bembea uani kwake. Mzee mzima, mvi hadi puani, anamteka mtoto kwa kamba mbili na ubao! Nikamwuliza Chiriku kesho atashinda kwa nani. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye hajaambiwa.

Mkwe ni fundi magari mstaafu. Alitoka pande zile zile nilizotoka mimi, akanitangulia kufika huku. Sanduku alilokuja nalo analitilia nyundo na misumari. Tena anaonyesha watu! Mimi nimekula mkate wangu katika kiwanda cha uchapaji, nikisahihisha makosa ya vitabu vya watu. Namjua mtu wa namna hii. Ni kosa lililopita bila kuonwa.

Basi mpango ukanijia nikiwa nakamua suruali. Bembea haina manyoya. Sungura wanayo! Nitafuga wawili, maana mmoja atakufa kwa upweke.

Binti yangu hakucheka. Alisema sungura huishi miaka minane, hata kumi. Akasema, “Baba, wewe kila mwaka ni mwakani. Mtoto akishawazoea utafunga sanduku lako, naye atalia mara mbili. Atamlilia babu, atalilia sungura.” Nikamwambia anatia chumvi. Akaweka kisu chini. “Haya, chagua mwenyewe. Sungura au sanduku.”

Nikasema nitatafakari.

Nimetafakari. Nitanunua sungura kwanza, kutafakari kutaendelea.

Jumapili, 5 Aprili

Nimejenga kibanda! Kwa mikono hii iliyozoea kalamu nyekundu.

Mwongozo wangu ni kitabu cha ufugaji nilichokipata kwa muuza vitabu vikuukuu. Jalada halipo, kurasa za mwanzo hazipo, mwandishi hajulikani. Lakini sentensi zake! Zimenyooka kama reli. Hakuna alama ya mkato iliyokosa mahali pake. Mtu anayeandika hivi hawezi kukosea kuhusu sungura.

Mvua ikiendelea, nikajengea chumbani. Mbao, wavu wa waya, bawaba mbili, paa la kuinuka. Saa sita nikawa nimemaliza, nikasimama mbali kidogo, nikakitazama kwa mapenzi.

Hodi. Mkwe, na Chiriku mabegani. Mkwe akakizunguka kibanda. Akautazama mlango wa chumba. Akakitazama tena kibanda. Chiriku ndiye aliyeuliza kitatokaje.

Nikajibu kwamba sikukusudia kitoke.

Mkwe akatikisa kichwa taratibu. “Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe, Mkwe wangu, usipewe kamwe. Utalima kitandani.”

Chiriku alicheka mpaka akateremshwa. Sikuona cha kuchekesha. Nimehamisha kitanda, kabati na kiti. Kibanda kimekaa katikati ya chumba kama mgeni rasmi. Mlango wake hauna komeo, nimeufunga kwa kamba ya katani.

Jumanne, 7 Aprili

Nimenunua! Mmoja mweupe, ana doa jeusi puani. Wa pili kahawia, kichwa kipana, sikio moja limelala. Muuza wanyama, mwanamke mwenye aproni iliyojaa maranda, alisema ni majike wote wawili, dada wa tumbo moja. Nikamwuliza amejuaje. Akasema ameangalia. Ameangalia! Kitabu kinasema, kwa sentensi isiyo na neno la ziada, kwamba dume hujulikana kwa upana wa kichwa. Sikubishana. Mtu mzima hamuumbui mtu dukani kwake. Nikatoka na siri yangu kikapuni: dume na jike.

Chiriku alifika kabla sijavua viatu. Bembea ikasahauliwa papo hapo. Ushindi!

Nikapendekeza mwenye doa aitwe Nukta na mwenye sikio lililolala aitwe Mkato. Akataka kwanza aelezwe kazi ya kila mmoja. Nikamwambia mkato humpumzisha msomaji, nukta humsimamisha. Akauliza kama ipo alama ya kuendelea tu bila kupumzika wala kusimama. Nikamwambia hiyo ni wewe.

Alilala kifudifudi mbele ya kibanda, kidole amekipenyeza kwenye wavu, na kwa muda mrefu sana, kwa kipimo chake, hakusema neno. Kisha akaniuliza bila kugeuka, “Babu, ukirudi kwenu utawabeba au utaniachia?”

Nikajibu kwamba safari za wanyama zina taratibu zake.

Akasema hajauliza taratibu.

Nikamwonyesha jinsi Nukta anavyochezesha pua.

Jumatano, 8 Aprili

Siku ya balaa. Niliwapa karoti, maana picha zote duniani zinaonyesha sungura na karoti. Niliwapa mlima. Wakala mlima. Wakalala ubavu, matumbo kama ngoma, macho yakinilaumu. Nikatafuta simu nimwite binti yangu. Simu imezima. Nikatafuta chaja. Waya wa chaja uko vipande vipande, na ile kamba ya katani ya mlango wa kibanda haipo kabisa. Mkato ameila! Kumbe wameshinda wakitembea watakavyo chumbani mwangu, nami nikidhani nafuga.

Nikiwa nimepiga magoti nikiwasugua matumbo, mlango ukasukumwa. Mkwe. Alinipigia, simu haikuita, akadhani nimekufa. Viatu alivyovaa vilikuwa vya jozi mbili tofauti.

Nikamwambia siku nikifa nitamtangulizia taarifa. Aliwatazama sungura, akazitazama karoti chache zilizobaki, akatoka. Akarudi na gunia la nyasi kavu. Akasema karoti kwao ni peremende, na chakula chao ni nyasi, nyasi, na tena nyasi, kwa kuwa meno yao hayaachi kukua na nyasi ndizo tupa ya kuyasaga. Akawapapasa matumbo kwa vidole vyake vile vya kufungulia boliti, polepole, kwa kuzunguka. Baada ya muda Mkato akasimama, akajinyoosha na kumkojolea.

Nikamwuliza haya yote kayajulia wapi. Akasema utotoni alifuga sungura, nyuma ya gereji ya mjomba wake. Walikuwa weusi. Siku alipoondoka kwao alifungua vibanda vyote.

Miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Wala sikuwahi kumwuliza.

Nikamshukuru, kwa ubaridi unaostahili.

Ijumaa, 10 Aprili

Nukta ana masharubu! Amebeba nyasi kavu mdomoni, zimetokeza kushoto na kulia, anazunguka chumba kama ofisa anayetafuta ofisi yake. Nikakimbilia kitabu. Sentensi fupi, safi: jike abebaye nyasi mdomoni yu karibu kuzaa.

Watoto! Kwa hiyo Mkato ni dume, na muuza wanyama aangalie tena. Nitakuwa na watoto sita, pengine wanane. Bembea huzaa nini?

Nikatoka kutangaza. Muuza mkate nimemwahidi wawili. Mwalimu wa Chiriku, niliyekutana naye sokoni, mmoja, mweupe. Mama wa chumba cha jirani hakutaka, nikamwahidi hivyo hivyo.

Mkwe aliponisikia alicheka mpaka akashika ukuta. “Mkwe, majike wawili hawazai. Hata kwa maombi!”

Nikamwambia abaki na bembea zake, elimu ya viumbe awaachie wasomaji. Akasema basi tuwekeane dau. Nikasema tuwekeane. Watoto wakizaliwa, Chiriku anamaliza likizo kwangu na bembea inashushwa. Wasipozaliwa, anamaliza likizo kwake, na mimi nanyamaza. Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

Mtu anayecheka kabla ya matokeo ni mtu mwenye hofu.

Jumapili, 12 Aprili

Nukta amejenga kiota! Sikuamini macho yangu. Sasa naandika nimekaa sakafuni, maana kiti kingemsumbua.

Amekijenga ndani ya sanduku.

Katika chumba kizima, na kibanda nilichokijenga kwa jasho na kidonda cha dole gumba, mwanamke huyu amechagua sanduku langu. Ametandika nyasi juu ya koti la sufu, akauvuruga mkono wa suti ya kufikia mpaka ukawa pango, kisha akang'oa manyoya ya kifua chake mwenyewe, mafungu kwa mafungu, na kulitandika pango lote. Meupe. Laini kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa. Picha ya mke wangu imesukumwa pembeni. Anamtazama Nukta kwa jicho lile lile alilomtazamia mpiga picha, ila leo nimeona kama anakaribia kucheka.

Chiriku alipofika nilimwonyesha kwa kidole, bila sauti. Akachungulia. Nilitarajia shangwe. Badala yake akaniuliza kwa kunong'ona, “Sasa nguo zako utafungia wapi?”

Nikasema hakuna kufunga kitu, humu mna mzazi.

“Kwa hiyo huendi?”

Nikasema mzazi hafukuzwi. Ni jambo la ubinadamu tu, nikafafanua, na la muda, kwa kuwa watoto wa sungura hufumbua macho baada ya siku chache na…

Hakuwepo. Alikuwa barabarani, anakimbia kwa mama yake, na mtaa mzima ukasikia: “Babu haendi! Babu haendi!” Muuza mkate akapiga makofi, sijui kwa lipi.

Sikusema hivyo. Naandika hapa kwa uwazi kwamba sikusema hivyo. Nilitoka hadi mlangoni kumsahihisha, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Alikuwa ameshafika mbali. Anakimbia vibaya, magoti yanagongana, kama bibi yake.

Nikauacha mstari upite.

Jumanne, 14 Aprili

Hakuna watoto. Jana hakuna, leo hakuna. Nukta amekaa ndani ya mkono wa suti na akiguswa ananguruma. Binti yangu akaomba ruhusa kazini, akasema twende kwa daktari wa wanyama. Mwenye gari ni Mkwe. Safari nzima alikuwa akipiga mluzi.

Daktari, mwanamke mwenye miwani na subira, alimgeuza Mkato chali, akatazama, akasema jike. Akamgeuza Nukta. Jike. Nikamwomba azingatie upana wa kichwa. Akaniuliza upana wa kichwa unahusiana na nini. Nikamtolea kitabu. Akakisoma kidogo, akasema kimeandikwa vizuri sana. Nikasema ndivyo! Akasema hakuna hata sentensi moja iliyo kweli.

Mimba ya uongo, akaeleza. Hutokea. Mwili humdanganya jike kwamba ana watoto, naye hujenga kiota, hung'oa manyoya, hulinda. Asikemewe, na kiota kisibomolewe kwa nguvu. Kitambo kidogo atachoka, atatoka mwenyewe.

Mkwe alitoka nje ya chumba cha daktari. Kupitia dirishani nilimwona ameegemea gari, mabega yanaruka.

Njiani kurudi nikamweleza Chiriku, kwa heshima zote, kwamba babu yake ameshindwa dau na kwamba likizo iliyobaki atashinda kwa Babu Bembea. Ndipo ikafichuka kwamba hakuna aliyemwambia kuhusu dau hilo. Akauliza, “Mliniweka dau? Mimi ni karoti?”

Binti yangu akageuka kutoka kiti cha mbele. Sitayaandika yote aliyosema. Yalianza na “wazee wazima” na yakaishia na “mvi za bure”. Mkwe akaacha kupiga mluzi. Kwa mara ya kwanza tangu watoto wetu waoane, mimi na yeye tulitazama chini kwa pamoja. Hukumu: mtoto atashinda anapotaka, na sisi wawili tutamfuata, pamoja, kimya.

Tukamrudisha Nukta chumbani. Akaruka moja kwa moja sandukuni, akajipanga upya, akafunika shimo la mkono wa suti kwa nyasi, kwa uangalifu mkubwa. Hakuna kitu mle. Amekinyima kifua chake manyoya kwa ajili ya kitu ambacho hakimo, na analinda, na anamngurumia kila anayepita.

Nilimtazama sana. Binti yangu alisimama nyuma yangu. Alimtazama Nukta, kisha nikahisi ananitazama mimi.

Nikamwambia vumbi la nyasi hizi linaumiza macho.

“Najua, Baba,” akasema, akaniwekea mkono begani.

Jumamosi, 18 Aprili

Jua. Jua la kuanikia suti.

Nukta ametoka. Daktari alisema kweli. Juzi asubuhi aliruka nje ya sanduku, akajikung'uta, akaenda kula nyasi na dada yake, wala hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilimwonea wivu kidogo kwa wepesi ule.

Basi sanduku likabaki na kiota kitupu. Ningeweza kupiga brashi suti, kurudisha dawa ya nondo, kufunga. Nililitazama jana mchana kutwa. Kisha nikampelekea Mkwe ujumbe aje na msumeno.

Hakuuliza swali. Alikuja na lile sanduku lake la nyundo, akaliweka kando ya langu. Kumbe yanafanana! Bawaba zile zile, ubavu ule ule. Akapiga mstari kwa penseli ubavuni mwa langu, nikamwambia mstari umepinda, akasema nishike mwenyewe, nikashika, ukapinda zaidi. Tukakata. Sasa sanduku lina mlango wa duara, nusu duara tuseme, na ndiyo nyumba yao ya kujifichia. Mkato yumo saa hizi. Namwona sikio.

Koti la sufu nimewaachia. Picha ya mke wangu nimeitundika ukutani, mahali anapoweza kumkodolea macho kila anayeingia. Na mlango wa kibanda, ambao kamba zake zote huliwa, umepata komeo: ufunguo wa nyumba yetu unapita kwenye pete mbili za waya kana kwamba ulichongwa kwa kazi hiyo. Chiriku amekuwa akiuchomoa na kuuchomeka tangu asubuhi. Anapenda sauti yake.

Suti nimeivaa. Binti yangu aliifungua kiuno usiku wa kuamkia leo, akaishona upya bila kuniambia. Nilikwenda nayo uani kwa Mkwe na, kwa kuwa Chiriku alisisitiza, na kwa ajili ya uchunguzi tu, nikapanda bembea. Chiriku akanisukuma. Mkwe akapiga kelele, “Mkwe, utaipasua!” sijui suti au bembea. Nilikwenda juu mpaka nikaona mapaa ya mtaa mzima, na matangi ya maji, na nguo za watu kwenye kamba. Mtaa huu mzuri. Nilikuwa sijauona kutoka juu.

Jambo moja zaidi, na hili ni siri ya shajara. Leo mchana Mkato alipita mbele yangu na nyasi mdomoni. Masharubu kamili! Daktari ni mtu mwema lakini bado kijana, na siku ile alikuwa na haraka. Nimemwahidi muuza mkate wawili. Muuza vitabu vikuukuu naye ameniwekea kitabu kuhusu kufuga kobe, hakina jalada, lakini nilisoma ukurasa mmoja pale pale kibandani kwake: sentensi kama reli! Kobe huishi miaka themanini. Mkwe hana hata mmoja.

Kesho nitamweleza binti yangu. Najua ataniuliza atakayebaki na kobe ni nani, na mara hii sitamwambia nitatafakari. Jibu ninalo tayari, nimeshalisahihisha, halina neno la ziada.

Sirudi.